Nilivyofundishwa Kusema Vizuri na Watu

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alikuwa nao, na bibi aliyemzaa alikuwa nao zaidi, kwa hiyo msiniulize nimeutoa wapi. Nimekuwa nesi wa kliniki ya kisukari katika kituo cha afya hapa Kibosho kwa miaka kumi na tisa, na hajatoka mgonjwa chumbani kwangu akiwa hajui amekosea wapi. Ukiruka dawa, nitajua. Ukinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nitajua, na Jumapili ukitoka misani utanikuta nimesimama mlangoni mwa kanisa nakungoja.

Kabla hamjanihukumu, jueni kitu kimoja. Mgonjwa wa kisukari mara nyingi haumwi popote, na hapo ndipo tatizo lilipo. Anajiona mzima, anakula, anacheka, analima, kumbe sukari inamla kimyakimya. Mwenye jino bovu huna haja ya kumhimiza, atakuja mwenyewe usiku wa manane anagonga. Mwenye kisukari lazima akuogope kidogo, la sivyo utamwona siku ya machela.

Aliyeniogopa kuliko wote alikuwa Meku Sirili. Sisi huku mzee tunamwita meku, na huyu alikuwa meku kwelikweli: miaka sabini na moja, mkaidi, mwenye utani hata kwa paroko. Miaka sita iliyopita alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia kule mjini. Daktari akaniandikia barua kwamba mguu huo hauna hisia tena, mzee akiumia hatasikia, na kidonda kingine kikichelewa kuonekana utakatwa mguu mzima. Tangu siku hiyo nikauhesabu ule mguu kuwa wangu.

Kila mwezi alipokuja nilimwamkia kwanza, maana adabu ni adabu. "Shikamoo meku." "Marahaba sista." Kisha nilimshukia.

"Vua buti."

"Sista, lina matope."

"Nimekuuliza habari za matope?"

Nilimvua mwenyewe, nikamwosha, nikakagua unyayo, kisigino na katikati ya vidole vilivyobaki. Mara tatu katika miaka hiyo sita nilikuta mkwaruzo ambao mwenyewe hakuwa na habari nao, na mara zote tatu niliuponya huku nikimsema mpaka wenzake kwenye benchi la nje wanacheka. Naye alikuwa akitoka anawaambia, "Leo nimepigwa bila fimbo." Mwezi unaofuata anarudi.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu mganga mfawidhi wetu, Daktari Gerson, kijana msomi na mpole, akaamua kufungua sanduku la maoni. Halikuwahi kufunguliwa tangu litundikwe. Ndani mlikuwa na mjusi mkavu na karatasi kumi na moja, na katika hizo kumi na moja, tisa zilinihusu mimi. "Nesi wa kisukari ni mkali." "Yule mama ana maneno." Mmoja aliandika kwamba nilimsema mbele ya mkewe na paroko. Hilo la paroko nakubali, nilizidisha.

Daktari Gerson aliniita ofisini, akaniamkia kwa heshima zote, akaniambia watumishi wote tutakwenda kwenye mafunzo ya huduma kwa mteja. Baada ya hapo tutapewa alama kwa miezi mitatu, na ambaye alama zake hazitapanda, mkataba wake hautaongezwa. "Wa kwako unaisha Juni, mama," akasema, huku anaangalia meza. Nilibakiza miaka mitatu kustaafu. Nikasema sawa, tutakwenda.

Mafunzo yalikuwa siku nne, ukumbini Moshi mjini. Mwezeshaji alikuwa kijana mmoja wa Dar es Salaam anaitwa Jesse, suruali imeishia juu ya vifundo, viatu havina soksi. Mtu wa kazi yangu akiona miguu imeachwa wazi namna ile anawashwa ulimi, lakini nilijizuia siku zote nne. Tulianza na matarajio ya washiriki, tukaweka sheria za ukumbi, tukapiga makofi ya kilo, yale yanayopigwa kwa hesabu, tukaenda chai ya saa nne. Tuliporudi, Jesse akaandika neno "mgonjwa" kwenye karatasi kubwa, akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Kuanzia leo hakuna mgonjwa. Kuna mteja."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mteja akikataa bidhaa anakwenda duka la pili. Huyu wangu akikataa dawa, anakwenda wapi?"

"Swali zuri sana, mama yangu," akasema, akaliandika kwenye karatasi nyingine ukutani iliyoitwa Maegesho ya Maswali. Siku ya nne tulipofunga lilikuwa bado limeegeshwa.

Kanuni zilikuwa nne. Tabasamu. Mshukuru mteja kwa kuja. Omba ruhusa kabla ya kumgusa. Heshimu uamuzi wake. Nisiwe mnafiki, kanuni si mbaya, na siku nikilazwa mimi ningependa nesi wa aina hiyo. Tukafanya maigizo. Maulida wa mapokezi, binti wa Soweto ya Moshi mwenye sauti ya asali tangu kuzaliwa, akaigiza mteja, na mimi nikaigiza mimi. Jesse alinihesabia makosa kumi na manne kabla sijakaa kitini. Wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo, na mimi nikaumia, kwa nini nifiche. Miaka kumi na tisa ya kazi, unafanywa kichekesho mbele ya watu unaowapa ushauri.

Hapo ndipo ukaidi wangu ulipoamka. Mimi nikipewa kazi naifanya. Usiku nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, na siku ya nne nilimshukuru Maulida kwa kuchagua kituo chetu kwa sauti ambayo hata mume wangu hajawahi kuisikia. Jesse akasema nimevuka wote. Nikapewa cheti, nikapigiwa makofi ya kilo tano.

Tuliporudi kazini, mlangoni kwangu likawekwa kopo, na kando yake karatasi zenye sura tatu: inayocheka, iliyonyooka na iliyonuna. Kila anayetoka anachagua yake anatumbukiza. Wiki ya kwanza wateja wangu walipata tabu. Bibi mmoja aliniuliza polepole, "Sista, umeokoka?" Nikamwambia bado ni Mkatoliki. Mwingine alikwenda kumuuliza Maulida kama nimefiwa. Lakini karatasi za kucheka zilijaa, na ukweli ni kwamba nilianza kuzipenda. Jioni nilikuwa nazihesabu kabla ya yule anayetakiwa kuzihesabu.

Mwezi wa tatu, masika ndiyo yanaanza, akaja Meku Sirili. Siku hiyo Jesse alikuwa amepanda kutoka mjini kufanya ufuatiliaji, ameketi pembeni ya chumba na fomu yake. Meku akaingia na mabuti ya mvua yamejaa tope, akakaa, akainamisha mabega kama kawaida yake, anangoja. Sukari yake ilikuwa kumi na saba. Mtu wa umri wake nikimkuta na nane nashukuru Mungu.

Zamani, kwa kumi na saba, angesikika mpaka barabarani. Nikatabasamu.

"Shikamoo meku. Asante sana kwa kuchagua kituo chetu."

Akageuka nyuma kuona nani anaambiwa. Hakuna mtu.

"Kipimo chako leo kimepanda kidogo," nikaendelea. "Tungekushauri upunguze mbege na usiruke vidonge. Lakini uamuzi ni wako, na sisi tunauheshimu."

 Akanitazama usoni kama mtu anayesoma barua.

"Naomba ruhusa ya kukagua miguu yako, meku."

Akatazama mabuti yake na sakafu iliyotoka kupigwa deki. "Acha tu, sista. Usijichafue."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kisigino cha buti. Nikamwona Jesse anainua kalamu. Nikaliachia.

"Sawa, meku. Naheshimu."

Meku Sirili akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, Anyesi," akasema. Hajawahi kuniita jina langu tangu nimjue. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akatoka, akachagua sura inayocheka, akaitumbukiza taratibu. Jesse akanionyesha fomu: kumi kwa kumi. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi siku nzima, nikidhani yule mzee ameguswa na wema wangu.

Mwezi wa nne hakuja. Zamani ningemsubiri Jumapili kanisani, lakini hilo lilishapigwa marufuku kwamba ni kumdhalilisha mteja. Badala yake mashine ilimtumia ujumbe kwenye simu: ndugu mteja, tunakukumbusha. Meku Sirili simu yake ni ya kupokelea tu, ujumbe hasomi. Wala hakuwa peke yake. Kliniki iliyokuwa na watu sitini ilibaki na thelathini na nane, maana nani atapanda mlima kwenye tope kwa ajili ya mtu asiyemwogopa? Lakini waliokuja walicheka. Asilimia tisini na nne ya wateja wameridhika, Daktari Gerson akabandika ubaoni. Waliokaa nyumbani hawakuwa na kopo la kutumbukiza kitu.

Kisha siku moja, katikati ya mwezi huo wa nne, akaja Evaline, mkwe wa Meku Sirili, kumchanjisha mtoto. Jesse alikuwepo tena, kwa tathmini ya mwisho. Nikamuuliza Evaline habari za mzee.

"Tunamshukuru Mungu, sista. Ameshatengeneza mambo yake yote."

"Mambo gani?"

"Amegawa kihamba, shamba lote la ukoo. Mwanawe Gidioni alikuja kutoka Holili, amepewa upande wa mtoni. Tumechinja mbuzi, ndugu wote wamekuja kumuaga. Na mbege haikauki nyumbani, anasema sasa hivi anywe tu, ya nini kujinyima."

"Kumuaga anakwenda wapi?"

Evaline akanitazama kwa mshangao. "Si wewe ndiye uliyemwambia?"

"Nimemwambia nini mimi?"

"Alirudi kutoka kliniki akatukusanya. Akasema, yule Anyesi miaka sita hajawahi kunisemesha neno moja la upole. Leo amenishukuru kwa kuja, amesema mbege ni uamuzi wangu, na mguu hataki tena kuugusa. Akasema watu wa hospitali hawawezi kukwambia unakufa, ila wanaanza kuwa wazuri. Akasema Anyesi ameiona karatasi yangu ya majibu, amenionea huruma. Akavitupa vidonge chooni."

 Na kweli, huku kwetu ndivyo tulivyo. Mzima tunamfokea, anayekufa ndiye tunayemsemesha taratibu na kumuuliza anataka kula nini. Mtoto mdogo anajua hilo. Mimi niliyezaliwa hapahapa, nikafundishwa siku nne, nikalisahau.

"Na mguu?" nikauliza.

"Aligonga kisiki cha mbuni shambani. Siku nyingi tu. Siku mbili kabla ya kliniki ile, mtoto aliona damu kwenye kandambili yake. Mwenyewe anasema haumi."

Siku mbili kabla. Kidonda kilikuwa ndani ya lile buti nililolishika kisigino.

Nilitoka vilevile na koti jeupe. Wateja kumi na wawili kwenye benchi, Jesse mlangoni ananiuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Sikumjibu, na kama ningemjibu ningevunja kanuni zote nne kwa mkupuo. Nikapanda njia ya migombani, mvua inanyesha, nakimbia mimi mwanamke wa miaka hamsini na saba.

Nilimkuta ameketi barazani na kata ya mbege, amevaa koti la harusi ya mwanawe, anang'aa uso. Mguu wa kulia ameuweka ndani ya buti. Harufu niliipata kabla sijafika kwenye ngazi.

"Shikamoo meku," nikasema. Kisha nikaitwaa ile kata nikaimwaga migombani, nikapiga goti, nikavuta lile buti. Sitawaeleza nilichokiona. Kilikuwa kimeshapanda juu ya kifundo.

Ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwambia ni mzee mpumbavu, kwamba hata ng'ombe wake akichechemea humwangalia kwato, kwamba sikio la kufa halisikii dawa na yeye anayo mawili. Nikamwambia nani kamwambia anakufa, hakuna karatasi yoyote, hajapewa ruhusa ya kufa, na kama anataka kufa asubiri nistaafu. Nilifoka mpaka majirani wakaja uani, na machozi yananitoka, na sikujua ni yeye ninayemfokea au ni mimi mwenyewe.

Meku Sirili alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukafunguka taratibu, akamgeukia mkewe. "Umemsikia? Kumbe sifi."

Akainuka mwenyewe, akaitisha fimbo, akakubali kubebwa mpaka kwenye gari la jirani bila ubishi hata kidogo. Njia nzima kwenda mjini, na barabara ile mnaijua ilivyo wakati wa masika, alikuwa anatabasamu. Usiku huohuo mguu ulikatwa, chini ya goti.

Mnadhani nilifukuzwa kazi. Na mimi nilidhani hivyo. Siku ya Mei Mosi tulikusanywa uwanjani pa kituo, mahema, maspika, keki, na Daktari Gerson akasoma ripoti ya tathmini iliyoandikwa na Jesse. Mafunzo yameongeza ufanisi wa watumishi kwa kiwango kikubwa. Mfano hai ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, ambaye kabla ya mafunzo alikuwa na malalamiko tisa, na sasa hana hata moja. Zaidi ya hayo, mtumishi huyo aliacha dawati lake akamfuata mteja mpaka nyumbani kwake kwenye mvua, jambo ambalo, ripoti ikasema, halikuwahi kutokea kituoni kabla ya mafunzo. Miaka kumi na tisa nimepanda na kushuka migombani humu, halikuwahi kutokea. Mfanyakazi bora wa mwaka ni Anyesi, na mkataba wake umeongezwa mpaka atakapostaafu. Katika zile alama zangu na ile kumi kwa kumi ya mwezi wa tatu imo.

Watu walipiga makofi. Maulida alipiga vigelegele. Nikapokea cheti cha pili, nikashukuru, nikatabasamu, maana ndivyo nilivyofundishwa. Wenzangu walipoanza kukata keki mimi nilizunguka nyuma ya jengo, kwenye mpaka wa shamba la jirani, nikakata jani la isale.

Kwa wasiojua: isale ni mmea tunaopanda mipakani, na mtu akikuletea jani lake kuomba radhi huna njia ya kukataa, hata kama alikuulia ng'ombe. Sijawahi kulibeba maishani mwangu. Mtu wa mdomo kama mimi huwa analetewa, halipeleki. Nikalifunga kwenye kitenge, nikashuka nalo hospitalini mjini.

Meku Sirili alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda, shuka limelala bapa upande wa kulia. Nikamwamkia, nikampa jani kwa mikono miwili.

Akalitazama akashtuka. "Ni kwa maneno ya siku ile? Yale usiyaombee radhi, sista. Yale ndiyo yaliyonifufua."

"Hapana, meku. Ni kwa ile siku niliyokushukuru."

Akalipokea. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa niambie kitu kimoja, na usinibembeleze. Ungenivua buti siku ile, mguu ungepona?"

Jesse alitufundisha jibu la swali kama hilo. Mteja anapewa matumaini, anaambiwa mambo haya yana sababu nyingi, anaelekezwa kutazama mbele. Nililijua kwa kichwa, nililiigiza vizuri kuliko wote ukumbini.

"Ungepona, meku," nikasema. "Kilikuwa kidonda cha siku mbili. Ningekiona."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akavuta shuka akafunika vizuri pale mguu unapoishia, kisha akaniambia nirudi nyumbani mapema, mvua inakuja.